Bado Hajaniita

Machi 6

Daftari hili ni la vipimo vya wateja. Mbele kuna viuno na mabega ya mtaa mzima, na siri zote zimo humo, maana hakuna mwanamke anayeweza kumdanganya fundi cherehani kuhusu kiuno chake. Kurasa za nyuma ni tupu. Kuanzia leo naandika humo maneno ya mume wangu. Sikujitakia, nimeagizwa.

Wiki tano zilizopita Fundi, ndivyo ninavyomwita, maana anatengeneza saa, alipata kiharusi akiwa kibandani kwake ng'ambo ya barabara, ameshika saa ya mtu mkononi. Mguu umerudi, anaburuza kidogo tu. Mkono wa kulia bado mzito. Akili ni ileile, macho yananiambia. Ila maneno yamekwenda. Limebaki moja: basi. Njaa ni basi, asante ni basi, funga mlango ni basi.

Hospitali wametupa binti mmoja mwembamba, kazi yake kuwafundisha kusema watu kama Fundi. Anatembea na mkoba wa kadi za picha: kikombe, kuku, mwavuli. Mimi namwita Bi Kadi. Leo amenikalisha pembeni akaniambia, "Mama, maneno hayajapotea. Yamo kichwani. Njia ya kuyafikia ndiyo imebomoka, na yeye anatafuta pa kuzungukia. Wewe andika kila neno atakalosema, kila siku. Na usimsemee. Akikwama, hesabu kimoyomoyo mpaka ishirini kabla hujafungua mdomo."

Mpaka ishirini! Mimi? Mimi nikifika saba nimeshasema habari za mitaa mitatu.

Amesema pia kwamba mvua zikiisha, mwisho wa Mei, atakuja nyumbani tukae kikao na binti yetu anayefanya kazi mji mwingine, tuamue Fundi akae wapi ili aendelee vizuri. Eti hapa kwangu pana kelele. Wateja, mashine, na mimi. Alisema "wateja na mashine", lile la tatu nalisema mwenyewe.

Basi niandike na langu, maana daftari ni langu. Tangu tuoane, miaka ishirini na sita, huyu mwanamume haniiti kwa jina. Ananiita Cherehani. Anasema siku ya kwanza alipokuja kwetu alisikia vitu viwili vinakimbia chumba cha pili, mashine na mdomo, akashindwa kujua kipi ni kipi. Kila siku, akiwa kibandani, akitaka chai au kunionyesha saa ya ajabu, anaita kuvuka barabara, "Cherehani!" Nami naitika "Abee!" bila kuondoa mguu kwenye pedali. Wapita njia walishazoea.

Tangu augue hajaniita. Siombi miujiza mingine. Nataka aniite.

Maneno ya leo: basi, mara kumi na tisa.

Machi 7

Basi, mara kumi na nne. Joto la kukaribisha mvua.

Machi 10

Leo nimejipongeza. Mteja wangu wa sketi amekaa hapa saa nzima, Fundi kwenye kiti chake karibu na dirisha. Akisema "basi", mimi namtafsiria mgeni: hiyo ni basi ya maji, hiyo ni basi ya mto mgongoni, hiyo anakuuliza hali ya mama yako. Mteja akasema, "Kweli mke ni mke! Unamjua mpaka ndani." Nikavimba kichwa. Nimekuwa mkalimani wa lugha yenye neno moja, na hapa mtaani sina mpinzani.

Jioni mtoto wa jirani akapita, akampa shikamoo. Fundi akajibu, "Marahaba." Safi! Halina hata mkwaruzo! Nikaacha kitambaa, nikaenda kupiga magoti mbele ya mume wangu mwenyewe. "Shikamoo!" "Marahaba." "Shikamoo!" "Marahaba." Mara nne, mpaka akaanza kucheka na mimi machozi yakanitoka.

Nilimpigia simu Bi Kadi, akanipunguzia furaha. Anasema salamu, matusi na kuhesabu moja mpaka kumi ni maneno yanayojiendea yenyewe kwa mazoea, kama mguu wangu kwenye pedali. Mtu hayatafuti. La kulitafuta mwenyewe ndilo kazi. Sawa. Lakini niseme ukweli, nimemwonea wivu mtoto yule wa darasa la pili.

Machi 15

Mvua imeanza. Paa limevuja palepale pa mwaka jana, nimeweka ndoo.

Nimepata kazi ya sare za wauguzi, ishirini na nne, na siwezi kuikataa. Kwa hiyo wifi amesema atamchukua Fundi kwake kila alasiri. Wifi ni dada yake mkubwa, anakaa mitaa miwili kutoka hapa, peke yake, nyumba imetulia kama haina mtu. Asubuhi anajalidi vitabu vilivyochanika maktaba. Kazi nzuri kwake, vitabu havimuulizi kitu. Wifi ana kigugumizi tangu utotoni. Si kile cha kukwama kidogo. Wifi akianza neno moja, unaweza kumenya kitunguu kizima kabla hajalimaliza.

Mimi tangu niolewe nimekuwa namsaidia. Akianza, namalizia. Ni huruma tu, mtu asihangaike na shingo inamsimama vile. Hata leo mlangoni:

"Wi-wifi, ni-ni-nimekuja ku..."

"Kumchukua. Yuko tayari. Mwavuli huo hapo."

"Ni-nitamru..."

"Utamrudisha saa kumi na mbili, sawa, nenda."

Wakaondoka chini ya mwavuli mmoja, polepole, hakuna anayemhimiza mwenzake. Nikawaangalia mpaka kona. Nikajiambia, mabubu wawili, watasemezana nini.

Basi, mara tisa. (Nusu siku.)

Machi 16

Basi, saba. Sare tatu zimekatwa.

Machi 19

Mvua. Basi, nane. Ndoo imejaa mara mbili.

Machi 23

Muuza maziwa ameniharibia siku. Huyu mama anapita nyumba zote, akishusha maziwa anapakia habari. Kaja leo meno yote nje. "Hongera! Mzee ameanza kusema!"

"Amesema nini?"

"Nimemkuta jana kwa wifi yako. Nimemuuliza, baba, nikuwekee maziwa? Akanyamaza, akanyamaza, nikataka kuondoka, wifi yako akanishika mkono nisubiri. Kumbe anatafuta. Akasema, *maji*. Akatikisa kichwa. Akatafuta tena. Akasema, *maziwa*!"

Nikacheka kama mtu mwenye furaha. Alipoondoka nikashona mkono wa sare kinyume, nikaufumua, nikaushona kinyume tena.

Maji. Maziwa. Maneno mawili, na yote nimeyapata kwa muuza maziwa! Mimi ninayemvisha, ninayemlisha, ninayemkata kucha. Aliporudi nikamkalisha, nikashika kikombe. "Hii nini, Fundi? Haya, sema. Ma... ma... maziwa! Si umesema jana? Sema maziwa." Akaniangalia. Uso ukamwiva. "Basi," akasema, akageukia dirishani.

Naandika maneno mawili hapa, ila nayaandika kwa kalamu ya mtu mwingine.

Machi 24

Basi, mara tano. Hasira, mara nyingi. Zangu.

Machi 29

Wifi alipomleta leo hakuondoka haraka. Alisimama kwenye kizingiti, mvua inamlowesha mgongo.

"Wi-wifi, a-a-ana..."

"Anachoka. Naona."

Akatikisa kichwa. "A-ana..."

"Anapenda kwako zaidi, sema tu usiogope."

Akafunga mdomo. Akanishika bega, akaenda zake. Kunishika bega! Mtu akishinda anakuwa mpole.

Aprili 2

Leo nimefanya jambo ambalo ningemcheka mwanamke mwingine. Nimefunga duka saa tisa, nimejifunika mtandio, nimekwenda mpaka nyumbani kwa wifi, na badala ya kubisha hodi nimezunguka nyuma nikasimama dirishani. Mvua inaninyeshea mimi na kuku mmoja, tumebanana chini ya bati.

Wamekaa mezani wanatazamana. Wifi anashona mgongo wa kitabu kwa sindano nene. Fundi anampimia uzi kwa mkono wa kushoto, anaukata. Kimya. Nikahesabu, maana nimeagizwa kuhesabu: nilifika mia moja na kumi hakuna aliyesema kitu na hakuna aliyeonekana kusumbuka. Halafu Fundi akanyanyua uso. Nikaona mdomo wake unajipanga, unakataa, unajipanga. Wifi hakumwangalia mdomoni kama ninavyofanya mimi. Aliendelea kushona. Mwishowe Fundi akasema, "Uzi... mfupi." Wifi akautazama uzi. "Nd-nd-ndiyo, na we-wewe ndiye u-umeukata!" Wakacheka. Wakacheka mpaka wifi akaweka sindano chini.

Uzi mfupi! Neno na sifa yake, mguu kwa mguu! Mimi sijasikia kicheko hicho tangu Januari.

Nikazunguka, nikabisha, nikaingia kabla sijakaribishwa. Kicheko kikazimika. Fundi alikuwa na karatasi mbele yake, ameshika penseli kwa mkono wa kushoto. Aliponiona akaifunika kwa kiganja, na wifi akaweka kitabu juu yake. Wote wawili! Kama watoto walioiba sukari.

"Mnaandika nini?"

"Basi," akasema Fundi.

"Ha-ha-hakuna, wi-wifi, ni..."

"Hakuna. Nimesikia."

Nimerudi peke yangu, mvua yote kichwani. Karatasi hiyo naijua. Wanapanga kikao cha Mei. Anamfundisha aandike anataka kukaa kwa dada yake, mimi nije nionyeshwe karatasi mbele ya binti yangu. Damu ni damu, mimi ni mtu wa kuja. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu!

Aprili 3

Sikuandika maneno. Sikusikiliza.

Aprili 7

Simu ya binti yetu. "Mama, shangazi anasema baba anaendelea vizuri sana kwake."

"Shangazi yako anasema? Amemaliza saa ngapi?"

Akasema: "Mama, hilo si zuri." Najua si zuri. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nimemwambia yeye mwenyewe akiwa mdogo.

Aprili 11

Leo hospitali. Nitaandika yote, kwa sababu nikiacha nitakuja kujisahaulisha.

Bi Kadi alipanga kadi mezani. Fundi akataja kikombe. Akataja mwavuli. Kwa mkasi akasema "kisu", akajua amekosea, akapiga meza kidogo, akarudi: "mkasi". Bi Kadi akafurahi kuliko alivyofurahia yaliyo sahihi. Anasema kukosea kwa jirani kunaonyesha yuko mtaa uleule, nyumba ya pili. Na kujisahihisha kunaonyesha anasikia mlango gani si wake. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, midomo nimeibana. Nilikuwa najivunia.

Halafu akamuuliza, "Baba, mchana unapenda kukaa wapi? Kwa nani?"

Fundi akavuta pumzi. Akaniangalia mimi. Mdomo ukaanza kujipanga. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, na nikaona kila neno linalokuja, nikaiona ile karatasi, nikamwona wifi anacheka na sindano yake. Akasema, "Ba..." Labda ilikuwa basi. Labda ilikuwa kitu kingine. Sitajua kamwe. Nikasema, "Anasema nyumbani. Kwangu. Hiyo ndiyo basi yake ya nyumbani, mimi naijua."

Bi Kadi akageuka kuniangalia. Lakini Fundi alikuwa ameshapiga meza. Kadi zikaruka. "Basi!" akasema. "Basi! Basi! Basi!" Nimeishi na huyu mtu miaka ishirini na sita, mtu anayefungua saa ndogo kama kifungo bila mkono kutikisika. Hajawahi kunibamizia hata mlango. Kisha akaweka uso kwenye kiganja cha kushoto akalia.

Bi Kadi akaniomba nitoke nje. Mimi! Nikakaa kwenye benchi la korido na wagonjwa wa meno. Mama mmoja aliyevimba shavu akaniuliza ninangoja nani. Nikamwambia simngoji mtu. Kweli tupu, simngojagi.

Niliposhika mkono wake tukitoka, akauacha mkono wangu umshike, lakini wake haukushika.

Aprili 12

Nimemwambia wifi asije. Nimesema mvua ni kali, Fundi atapata homa ya mapafu. Akafungua mdomo, nikasema, "Ndiyo, najua, unasikitika," nikafunga mlango.

Basi, mara sita.

Aprili 14

Basi, nne.

Aprili 15

Basi, tatu. Barabara imejaa maji, kibanda chake kimezungukwa. Ameangalia kibanda mchana kutwa.

Aprili 18

Basi, moja. Nilimwekea redio. Akaizima kwa mkono mzima.

Aprili 20

Hakuna.

Aprili 21

Hakuna.

Aprili 22

Hakuna. Mtoto wa jirani alimpa shikamoo, akampungia mkono tu. Hata marahaba imeondoka.

Aprili 24

Sare zote ishirini na nne zimekwisha, zimepigwa pasi, zimechukuliwa. Nyumba imekuwa kimya na mashine imesimama. Nikagundua nimekuwa nikisema mwenyewe tangu asubuhi. Fundi unataka chai, ndiyo unataka, sukari kidogo, haya shika, imekuwa moto, pole, mvua hii, ndiyo mbaya kweli. Nimemuuliza na nimemjibia. Nilikuwa mimi na mimi. Yeye amekaa dirishani, kama mteja aliyekuja kupimwa akasahauliwa.

Nimempata peke yangu, mchana kutwa, hakuna mwingine anayemgusa. Na sina kitu.

Aprili 25

Nilimvisha koti la mvua asubuhi na mapema, siku ya wifi kutokwenda kazini. Hakuuliza tunakwenda wapi. Tulipopinda kona ya mtaa wa wifi, mguu wake ule wa kuburuza ukaanza kutangulia. Nilichomwa na hicho, niandike wazi. Ulinichoma mpaka kisigino.

Wifi akafungua. Alimwona kaka yake alivyokonda, akaniangalia, nikangoja anitukane. Angekuwa na haki, na kwa mara ya kwanza ningemwacha amalize. Akamkalisha mezani, akampa uzi na vitabu, akanivuta jikoni.

"Wi-wifi. A-a-a-ana..."

Nikajua la kusema. Yalikuja matatu kwa pamoja: anakonda, anakuchukia, anataka kubaki hapa. Nikashika ukingo wa beseni. Nikahesabu. Shingo ya wifi ikasimama, macho yakafumba. Kumi. Kumi na mbili. Sikuwahi kumtazama mpaka mwisho, miaka yote ninageuka pembeni kabla. Kumi na tisa. Ishirini na sita.

"A-anafanya ma-mazoezi ya ji-jina lako."

Nikasema, "Jina lipi?"

"Che... Che-cherehani. Ki-kila siku. Ta-tangu Machi. Ni go-gumu, refu. Li-linamvunjikia ka-katikati."

Akafungua kitabu cha mapishi, akatoa karatasi. Ile ile. Nilidhani nitaona barua ya kunishtaki. Zilikuwa herufi za mkono wa kushoto, za mtoto wa chekechea, zinapanda na kushuka: che, che, cher, chere, chereha. Mistari thelathini, labda zaidi. Zimefutwa, zimeandikwa juu yake. Mwisho kabisa limekamilika mara moja, limezungushiwa duara.

"Ndiyo ulitaka kuniambia mlangoni? Siku ile ya mvua?"

Akaitika kwa kichwa. "Si-siku zote."

Kila sentensi ya huyu mwanamke nimeimalizia kwa hofu yangu mwenyewe, nikaenda nayo nyumbani nikaikasirikia.

Nikamuuliza lile lililoniuma zaidi. "Kwa nini afanyie kwako? Mke wake ni mimi. Kwa nini asinifanyie mimi?"

Wifi akaosha kikombe kisafi. Alikuwa anatafuta namna ya kusema isiniumize, na kwake kila neno ni gharama. Nikangoja.

"U-utamsaidia," akasema.

Hilo tu. Halafu akaona limeingia, akaongeza, taratibu, "Mi-mimi na-najua inavyokuwa, wifi. U-umeshika tonge, li-linafika mdomoni, mtu a-analila yeye. A-anakwambia, si-si nimekusaidia?"

Miaka ishirini na sita nimekula matonge ya wifi yangu. Na sikuwahi hata kushiba.

Nimelia jikoni kwa watu. Aliniomba nisimwambie Fundi kwamba najua. Anaona aibu, hataki nilisikie mpaka likae sawa. Kati ya watu wote duniani, mimi ndiye nimepewa siri.

Maneno ya leo: nilimsikia kutoka jikoni akisema "uzi". Nimeliandika mwenyewe.

Mei 2

Nampeleka kila siku sasa, saa nane. Simwingizi ndani, namwacha mlangoni. Bado nina wivu. Nilidhani nikijua sababu wivu utaondoka. Haukuondoka, umevua viatu tu, umekaa.

Mei 5

Nyumbani: maji, basi, dirisha. Lile la dirisha nilihesabu mpaka thelathini na nane. Nilikuwa nimeng'ata uzi na nimeumeza.

Mei 9

Nilijiuma ulimi, kweli kweli, umetoka damu. Alikuwa anatafuta "kijiko".

Mei 13

Nimempelekea wifi kitambaa cha meza nilichoshona maua pembeni. Akaanza kushukuru. Nikakaa kitini nikangoja shukrani yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Ana mzaha huyu mwanamke! Anasema kitambaa ni kizuri mno kwa meza yake, itabidi anunue meza nyingine. Sikujua kama wifi ni mchekeshaji. Vichekesho vyake vyote vilikuwa mwishoni mwa sentensi.

Mei 17

Mvua inapungua. Ndoo kavu. Saa, mkasi, leo, hapana. "Hapana" aliniambia mimi, nilipotaka kumfunga vifungo. Akavifunga mwenyewe, dakika kumi na moja.

Mei 22

Bi Kadi alipiga simu kuthibitisha kikao. Nilimwambia kuhusu siku ile ya hospitali. Nilimwambia nilidanganya. Akasema, "Najua, mama. Yeye pia alijua." Akaniuliza kama nimejiandaa kwa vyovyote baba atakavyochagua. Nikasema ndiyo. Huo nao ulikuwa uongo, lakini mdogo.

Mei 26

Nimefunga begi lake dogo nikaliweka chini ya kitanda. Mashati manne, koti, miwani ya kazi. Akisema anakwenda kwa dada yake, sitaki nianze kuhangaika na nguo mbele ya watu. Nimetia na viatu vya mvua, halafu nikavitoa, maana mvua imekwisha. Halafu nikavirudisha.

Mei 29

Jua. Madirisha yote wazi.

Tulikuwa watano sebuleni, yaani dukani, nimesukuma mashine ukutani na kuifunika kitambaa. Fundi kwenye kiti chake. Binti yetu alifika na basi la asubuhi, akakaa karibu na Bi Kadi. Mimi na wifi kwenye benchi la wateja, magoti yanagusana.

Binti yetu alianza, vizuri tu, kwa heshima. Mama umechoka, shangazi ana nafasi, baba anaendelea kule. Hakuna uongo hata mmoja. Kisha Bi Kadi akasogeza kiti mbele ya Fundi. Hakutoa kadi.

"Baba. Unataka kukaa wapi?"

Na wote wakaniangalia mimi. Hata binti yangu niliyemzaa. Hata yeye mwenyewe Bi Kadi, kidogo. Walikuwa wanangoja mkalimani. Nikaweka mikono chini ya mapaja, nikaikalia.

Fundi hakumtazama Bi Kadi. Alinitazama mimi. Nikafikiria lile begi chini ya kitanda. Nikaanza kuhesabu, nikaacha, hesabu hazikunisaidia. Mdomo wake ukajipanga.

"Che," akasema.

Binti yetu akakodoa macho.

"Che... re."

Likavunjika palepale linapovunjika. Akafumba macho, jasho likaonekana kwenye paji, mkono wa kushoto ukashika goti. Akarudi mwanzo. "Che. Chere." Kimya. Nje baiskeli ilipita, muuza maziwa akapiga kengele yake, ikapita, ikaisha. Mdomo ulikuwa wazi na neno halikuja. Nililijua lililobaki. Nililiona lote, lilikuwa langu, lilikuwa mdomoni mwangu limenijaa mpaka kwenye meno.

Pembeni yangu nikasikia wifi anavuta pumzi. Wifi, ambaye hajawahi kumsaidia mtu neno maishani mwake! Machozi yalikuwa yanamtoka, uchungu umemzidi, na akafungua mdomo ampe kaka yake kilichobaki.

Nikaweka mkono juu ya goti lake. Akaufunga.

Tukangoja, wifi na mimi.

"Cherehani," akasema mume wangu.

"Abee," nikaitika.